Lornah Kiplagat, Mshindi katika Uwanja wa Gofu

Katika mji wa Mombasa, karibu na kivuko cha Likoni, pana uwanja mpana wa majani unaoelekea Bahari ya Hindi. Uwanja huo ni wa mchezo wa gofu. Mchezaji wa gofu hushika fimbo ndefu yenye kichwa cha chuma, akaupiga mpira mdogo mgumu uende mbali, kisha akaufuata na kuupiga tena, hata utumbukie katika shimo dogo lililochimbwa penye majani mafupi. Mwenye kutumia mapigo machache kuliko wenziwe ndiye mshindi. Uwanja wa Mombasa una mashimo 9 tu, nao ulitengenezwa na Waingereza katika siku za utawala wao. Siku hizo Mwafrika aliyeingia humo aliingia kubeba mfuko wa fimbo za mchezaji, au kukata majani.

Lakini siku ya Jumamosi, tarehe 24 Machi 2007, fimbo za gofu ziliwekwa kando. Maelfu ya watu walijaa kandokando ya uwanja ule kutazama mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Mbio za nyika hazikimbiwi katika kiwanja kilichosawazishwa. Wakimbiaji hupita juu ya majani, na penye vilima na mabonde madogo, na penye matope kama yapo, na kila mmoja huitafutia miguu yake njia. Kenya ilikuwa imekwisha kuzaa washindi wengi wa mbio hizo, lakini hiyo ndiyo mara ya kwanza mashindano yenyewe ya dunia kufanywa katika nchi ile.

Mtoto wa Utete hana haja ya kuelezwa habari za jua la mwezi wa Machi. Joto la Mombasa ni ndugu wa joto la Rufiji. Bali wengi wa wakimbiaji mashuhuri waliokuja siku ile walitoka katika nchi za milima, za Kenya na za Ethiopia, na wengine walitoka Ulaya ambako baridi ilikuwa haijakwisha. Mwili wa mtu anayekimbia huzaa joto kama jiko. Joto hilo hutolewa na jasho: jasho likikauka juu ya ngozi, ngozi hupoa. Hewa ya pwani imejaa mvuke wa maji, kwa hiyo jasho halikauki upesi, ila hutiririka tu na kuanguka chini, na mwili hubaki na moto wake. Ndiyo sababu wakimbiaji wengi walishindwa siku ile, na wengine walianguka wakabebwa. Hata Kenenisa Bekele wa Ethiopia, ambaye tangu mwaka 2002 hata mwaka 2006 alishinda mbio ndefu na mbio fupi za nyika kila mwaka, aliziacha mbio kabla ya kufika mwisho. Mshindi wa wanaume alikuwa Zersenay Tadese wa Eritrea.

Kabla ya wanaume walikimbia wanawake, kilometa 8. Daraja la Mkapa, linalovuka mto Rufiji, lina urefu uliopungua kilometa 1 kwa kitu kidogo. Basi mwenye kutaka kuufahamu mwendo ule na afikiri kulivuka daraja hilo mara 8 na zaidi, kwa mbio, bila kupumzika, juani. Watu wengi walidhani mshindi atakuwa Tirunesh Dibaba wa Ethiopia, msichana wa miaka 21 ambaye mwaka 2005 alishinda mbio za mita 5000 na za mita 10,000 katika mashindano ya dunia ya Helsinki. Alikuwa bingwa wa mbio za nyika pia. Mwaka 2006, huko Fukuoka katika nchi ya Japani, alimwacha nyuma mwanamke mmoja mwenye miaka 31 aliyevaa nguo ya rangi ya machungwa. Sasa mwanamke yule yule alikuwa Mombasa, mwenye nguo ile ile, na umri wa mwaka mmoja zaidi.

Mwanamke huyo alifika mwisho kwa dakika 26 na sekunde 23, yaani kila kilometa aliikimbia kwa dakika 3 na sekunde 18 hivi. Dibaba alifika sekunde 24 baadaye, na Mhabeshi mwingine, Meselech Melkamu, nyuma yake karibu sana. Hakuna mwanamke wa timu ya Kenya aliyepata nishani ya peke yake katika mbio zile. Wimbo wa taifa uliopigwa ulikuwa wa Uholanzi, kwa maana rangi ya machungwa ni rangi ya Waholanzi. Lakini jina la mshindi lilikuwa Lornah Kiplagat, na kila Mkenya aliyelisikia alijua kwamba si jina la Kiholanzi.

Lornah alizaliwa tarehe 1 Mei 1974 huko Kabiemit, katika nchi ya Wakeiyo, magharibi ya Kenya. Mwanzoni mwa mwaka huo huo Filbert Bayi wa Tanzania alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 katika mji wa Christchurch, nchi ya New Zealand, na sifa zake zikaenea Afrika nzima. Katika michezo ile ile ya Jumuiya ya Madola, msichana wa Kenya, Sabina Chebichi, alipata nishani ya shaba katika mita 800. Habari zake hazikuenea kama habari za Bayi, ingawa yeye ndiye mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata nishani katika michezo hiyo.

Nchi ya Wakeiyo iko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Mtu akisimama penye ukingo huo huona bonde la mto Kerio chini yake, mbali sana, lenye joto na miiba, na huku nyuma yake ni mashamba ya mahindi na malisho ya ng'ombe yenye baridi. Mji mdogo uitwao Iten uko hapo, mita 2400 juu ya usawa wa bahari. Utete haifiki hata mita 100. Hewa ya mahali palipo juu hivyo ni nyepesi, na kila pumzi humpatia mtu oksijeni kiasi cha robo tatu tu ya ile apatayo mtu wa pwani. Mwili wa mwenye kukaa huko hujizoeza. Hutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi katika damu, nazo ndizo zinazochukua oksijeni na kuipeleka katika misuli. Kwa ajili hiyo wakimbiaji wa mbio ndefu hupenda kufanya mazoezi milimani. Lakini milima peke yake haimfanyi mtu kuwa mshindi, maana iko milima mingi duniani isiyotoa hata mkimbiaji mmoja.

Huko Iten pana shule ya wavulana ya Mtakatifu Patrick. Mwaka 1976 alifika hapo ndugu mmoja wa misheni kutoka Ireland, jina lake Colm O'Connell, kufundisha jiografia. Hakuwa mwalimu wa mbio, lakini alijifunza kazi hiyo kwa kuwatazama wanafunzi wake. Mmoja wao, Peter Rono, alishinda mita 1500 katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Ndugu Colm aliwafundisha wasichana pia, na hilo halikuwa jambo la kawaida siku hizo. Wanawake wa kwanza wa Kenya walikwenda Olimpiki mwaka 1968 huko Mexico, nao walikuwa watatu tu. Baada yao walitokea wachache wachache. Tanzania nayo ilikuwa na wake: Theresia Dismas alipata nishani ya fedha kwa kurusha mkuki katika michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 1965. Kisha mwaka 1991, huko Tokyo, Susan Sirma wa Kenya alipata nishani ya shaba katika mita 3000, akawa mwanamke mweusi wa kwanza wa Afrika kupata nishani katika mashindano ya dunia ya riadha. Susan Sirma ni jamaa yake Lornah. Basi Lornah, aliyekuwa na miaka 17 mwaka ule, hakuhitaji kwenda mbali kuona kwamba jambo hilo linawezekana.

Lakini kuona ni jambo moja, na kupata nafasi ni jingine. Msichana wa milimani, kama msichana wa Rufiji, huamka na kazi inamngoja. Maji hayajatekwa, kuni hazijakatwa, mtoto mdogo analia. Mvulana akisema kwamba anakwenda kukimbia, watu humwacha aende. Msichana akisema hivyo huulizwa kwanza kama amekwisha kupika.

Jambo hili halikuishia nyumbani. Katika miaka ya 1990 wakimbiaji wa Kenya walikuwa wamezoea kukaa pamoja katika kambi za mazoezi. Hukimbia alfajiri, hurudi, hula, hulala, na jioni hukimbia tena. Wasichana walipoingia katika kambi hizo, walikuta desturi za nyumbani zimetangulia kufika. Wakirudi kutoka mbioni, wao walipika na kufagia na kufua nguo, na wanaume walipumzika wakingoja chakula. Wanaume wale hawakuwa wabaya kuliko wanaume wa mahali pengine; ndivyo walivyolelewa, na pengine hakuna aliyewahi kuwauliza juu yake.

Ni vyema kuelewa madhara ya jambo hilo. Mtu asiyejua hudhani kwamba mkimbiaji hupata nguvu anapokimbia. La, anapokimbia huzipoteza. Misuli yake huchoka na kuumia kidogo kidogo, na ni wakati wa kulala na kula ndipo mwili hutengeneza kile kilichoharibika na kukifanya imara kuliko kwanza. Mwenye kukimbia kilometa 20 alfajiri, kisha akainama juu ya beseni la nguo za watu wengine hata adhuhuri, amenyimwa nusu ya mazoezi yake. Jioni atakuwa mzito. Nao watakaomwona mzito watasema kwamba wanawake hawana nguvu za mbio ndefu.

Lornah aliyaona hayo kwa macho yake. Hakuwa na fedha za kubadili neno lolote, ila alikuwa na miguu. Akaanza kwenda nchi za mbali kukimbia kwa malipo. Mkimbiaji wa kulipwa hana mshahara wa mwezi kama karani. Hupata zawadi ya fedha akishinda, na akiwa na jina, wenye viwanda vya viatu humlipa avae viatu vyao. Akiugua au akiumia mguu, hapati kitu. Kazi hiyo ilikuwa imekwisha kufunguliwa na mwanamke mwingine wa milima ya Kenya, Tegla Loroupe wa nchi ya Pokot, ambaye mwaka 1994 alishinda marathoni ya New York, mwanamke wa kwanza wa Afrika kufanya hivyo. Marathoni ni mbio za kilometa 42 na mita 195. Lornah alishinda marathoni ya Los Angeles, nchi ya Marekani, mwaka 1997, akarudi mwaka 1998 akashinda tena. Mwaka 1999 alishinda ile ya Amsterdam, mji mkuu wa Uholanzi, kwa saa 2, dakika 25 na sekunde 29. Mwaka 2002 alishinda ya Osaka huko Japani.

Fedha alizopata alizitumia kwa jambo ambalo watu wachache walilitazamia. Miaka ile karne ilipokuwa ikigeuka, yeye pamoja na Pieter Langerhorst, Mholanzi aliyekuwa mumewe, walijenga kambi ya mazoezi huko Iten. Kambi hiyo ilikusudiwa kwanza kwa wasichana. Wasichana walioingia humo walikimbia, wakala chakula kilichopikwa na watu walioajiriwa kukipika, wakalala. Hilo ndilo lililokuwa geni katika kambi yake, na mtu mwenye haraka angeweza kulipita bila kuliona.

Baadaye kambi ilipanuliwa. Ikapata chumba cha vyuma vya kuimarishia mwili na bwawa la kuogelea, na wakimbiaji wa nchi nyingi wakaja kupanga vyumba humo kwa fedha yao, ili wapate faida ya hewa nyepesi. Mo Farah wa Uingereza, aliyezaliwa katika nchi ya Wasomali na ambaye alishinda mita 5000 na mita 10,000 katika Olimpiki ya London mwaka 2012 na ya Rio de Janeiro mwaka 2016, alikuwa mmoja wa waliofanya mazoezi hapo. Mapato yaliyotoka kwa wageni yalisaidia kulipa karo za wasichana shuleni. Iten, uliokuwa mji wa soko na shule tu, ukawa mji ambao mgeni akiamka alfajiri husikia vishindo vya miguu barabarani kabla ya kusikia jogoo.

Sasa ni lazima kueleza habari ya nguo ya rangi ya machungwa. Mwaka 2003, mwaka ule ule lilipofunguliwa Daraja la Mkapa, Lornah alipata uraia wa Uholanzi, nchi ya mumewe. Uholanzi ni nchi ndogo iliyo katika midomo ya mito mikubwa. Mito Rhine na Maas hugawanyika huko kuwa matawi mengi kabla ya kuingia baharini, kama Rufiji inavyogawanyika kuelekea Mafia. Karibu robo ya nchi iko chini ya usawa wa bahari. Mtu wa Rufiji hujikinga na mafuriko kwa kujenga dungu juu ya nguzo ndefu. Mholanzi hujenga kuta za udongo zilizo ndefu kama barabara, maji yasipande mashambani mwake. Ni vigumu kupata nchi isiyofanana na Kabiemit kuliko hiyo, kwa maana haina mlima hata mmoja unaostahili jina hilo.

Sheria ya Kenya ya wakati ule haikumruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Mwenye kushika uraia wa nchi nyingine alikoma kuwa Mkenya. Ruhusa ya kuwa na uraia wa nchi mbili ilikuja kwa katiba mpya ya mwaka 2010. Kwa hiyo Lornah aliposimama katika uwanja wa gofu wa Mombasa mwaka 2007, kwa sheria alikuwa mgeni katika nchi aliyozaliwa, ingawa kambi yake ilikuwa Iten na wasichana aliowasaidia walikuwa Wakenya.

Watu walisema mengi juu ya jambo hili. Mwaka huo huo wa 2003 Mkenya mwingine, Stephen Cherono, alichukua uraia wa Qatar katika Ghuba, akapewa jina jipya la Saif Saaeed Shaheen, na mwezi wa Agosti akaishindia nchi yake mpya mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji, huko Paris. Wakenya waliumia sana, kwa sababu walizihesabu mbio hizo kuwa mali yao. Wengine walimweka Lornah katika fungu moja naye. Lakini mtu mwenye kupima kwa haki ataona tofauti. Lornah alikwenda kwa watu wa mumewe, na jina lake hakuligeuza. Tena kile alichochuma katika nchi za watu alikileta nyumbani kikawa nyumba, vitanda na karo. Hata hivyo haifai kuyapuuza maumivu ya waliosimama Mombasa siku ile wakasikia wimbo wa taifa lisilo lao. Mtu aweza kumfurahia dada yake na kumsikitikia kwa wakati mmoja.

Kwa Uholanzi alikimbia kwa uaminifu. Mwaka 2004, katika Olimpiki ya Athens, alikuwa wa 5 katika mita 10,000. Mwezi wa Desemba 2005 alishinda mbio za nyika za Ulaya katika mji wa Tilburg, mbele ya Waholanzi wenyewe. Mwaka 2008 huko Beijing alikuwa wa 8. Nishani ya Olimpiki hakuipata kamwe, na hilo husemwa hapa kwa sababu wengi huwahesabia wakimbiaji Olimpiki tu na kusahau mengine. Kiwanja cha kuzunguka hakikuwa mahali pake pa nguvu. Barabara ndiyo iliyokuwa yake.

Barabarani hakuwa na mwenziwe kwa miaka mitatu. Mwaka 2006, katika mji wa Debrecen nchi ya Hungaria, alishinda mashindano ya dunia ya kilometa 20. Mwaka 2008 huko Rio de Janeiro alishinda yale ya nusu marathoni, yaani kilometa 21 na mita 97. Lakini siku yake kubwa kuliko zote ilikuwa katikati ya hizo mbili, tarehe 14 Oktoba 2007, huko Udine katika Italia, miezi michache baada ya Mombasa. Siku ile hapakuwa na joto la pwani la kumzuia mtu. Lornah alizimaliza mbio za nusu marathoni kwa saa 1, dakika 6 na sekunde 25. Rekodi ya dunia ya mbio hizo ilikuwa imewekwa na Elana Meyer wa Afrika Kusini mwaka 1999, naye Lornah aliipunguza kwa sekunde 19. Njiani, alipopita alama ya kilometa 20, alikuwa amekwisha kuvunja na rekodi ya masafa hayo. Mwendo wake ulikuwa dakika 3 na sekunde 9 kwa kila kilometa, na kilometa hizo zilikuwa 21 na zaidi. Akitokea mwanafunzi wa Utete aliye hodari, na ajaribu kukimbia kilometa moja kwa mwendo huo. Kisha na azikumbuke zile 20 zilizobaki.

Sekunde 23 nyuma yake alifika msichana ambaye watu wengi hawakumjua. Jina lake lilikuwa Mary Keitany, naye alikuwa Mkenya, mwenye nguo ya Kenya, mzaliwa wa Baringo, ng'ambo ya pili ya bonde lile la Kerio linaloonekana kutoka Iten. Wakati wa Susan Sirma msichana kama yeye alikuwa kitu cha ajabu. Wakati huu alikuwa mmoja wa wengi.

Rekodi ya Lornah ilidumu zaidi ya miaka mitatu. Tarehe 18 Februari 2011, huko Ras al-Khaimah katika nchi ya Falme za Kiarabu, Mary Keitany alikimbia nusu marathoni kwa saa 1, dakika 5 na sekunde 50.